KCSE ikiondoka, nani atanunua hadithi fupi na kamusi?

KILA mwezi wa Januari maduka ya vitabu katikati ya jiji la Nairobi hufurika wazazi walioshika vipande vya karatasi kutoka shuleni. Chini ya kichwa cha Kiswahili, karatasi hizo mara nyingi huwa na mambo matatu: kitabu cha kiada, diwani ya hadithi fupi, na kamusi.

Mzazi huuliza bei kwanza. Kisha huuliza iwapo kitabu kimeidhinishwa na serikali. Ni nadra kumsikia akiuliza iwapo kitabu chenyewe ni kizuri.

Si kwamba mzazi huyo hajali. Kwa karibu miongo minne, tangu mtihani wa kwanza wa KCSE ulipofanywa mwaka 1989, thamani ya vitabu hivi vitatu imepimwa kwa mizani moja tu, nayo ni mtihani. Mizani hiyo sasa inaondolewa. Kwa mujibu wa ratiba ya mageuzi ya elimu, kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027, na wanafunzi wa mtaala mpya wa umilisi tayari wameingia shule ya upili ya juu.

Swali linalowakabili wachapishaji, waandishi na walimu ni hili: mtihani huo ukiondoka, je, msomaji atabaki na sababu gani ya kukinunua kitabu cha Kiswahili?

Kwa upande wa kitabu cha kiada, jibu ni rahisi, kwani serikali ndiyo mnunuzi. Kabla ya mwaka 2018 shule zilichagua kutoka orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, na kila somo lilikuwa na vitabu kadhaa vilivyoshindana. Kuanzia mwaka huo serikali ilianza kununua kitabu kimoja kwa kila somo moja kwa moja kutoka kwa mchapishaji na kukipeleka shuleni, kwa shabaha ya kila mwanafunzi kuwa na nakala yake. Wauza vitabu walilalamika, na haikuwa ajabu, lakini watoto wengi waliokuwa wakisoma watatu watatu kwa kitabu kimoja walipata afueni.

Tanzania ilikwisha kupita njia hiyo. Baada ya miaka mingi ya soko huria, serikali iliivunja mwaka 2013 kamati ya kuidhinisha vitabu, EMAC, kufuatia malalamiko bungeni kuhusu makosa yaliyojaa katika vitabu vya shule, na kazi ya uandishi ikarejeshwa kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Makosa hayakuisha kwa hatua hiyo. Mwaka 2017 vitabu vya taasisi hiyo navyo vilizua mjadala bungeni kwa sababu hiyo hiyo. Kosa katika kitabu kimoja kati ya sita husomwa na wachache; kosa katika kitabu cha pekee husomwa na nchi nzima.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wazazi wa mijini walilipenda katika vitabu vya zamani na ambalo wanalililia hadi leo. Vitabu vya shule ya msingi vya miaka ya mwisho ya 8-4-4, na hasa Kiswahili Mufti cha Wallah bin Wallah, vilisheheni msamiati. Mtoto wa darasa la saba alijua kwamba nyota zikikusanyika ni thurea, nyuki ni bumba, na kuni ni tita. Alijua tofauti ya sonara na mhunzi, ya manju na sogora. Mzazi aliyemsikia mwanawe akiyataja hayo sebuleni mbele ya wageni aliona fedha zake hazikupotea.

Walimu wengi, kwa upande mwingine, waliona hasara yake. Mtoto aliyeikariri thurea ya nyota alipata alama, ilhali alipotakiwa kumwandikia mwenye nyumba barua fupi ya kuomba paa lirekebishwe, kalamu ilimkwama. Mtaala mpya umejaribu kuigeuza hali hiyo kwa kuweka shughuli na mazungumzo mahali pa orodha. Malalamiko ya wazazi kwamba kitabu cha siku hizi hakina kitu yanatokana na hapo: wanatafuta orodha, hawaioni.

Mtu asiharakishe kuwacheka. Orodha ina sifa moja ambayo shughuli haina. Mzazi ambaye hakusoma Kiswahili kwa kina anaweza kuishika mkononi jioni, akamuuliza mtoto, akajua iwapo amepata au amekosa.

Kamusi ni hadithi nyingine. Hapa mnunuzi ni mzazi mwenyewe, na bei yake humfanya afikiri mara mbili. Katika shule nyingi za bweni nchini Kenya mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na kwa hiyo kamusi ya karatasi bado haina mpinzani huko.

Kwa muda mrefu jina lililotajwa madukani lilikuwa moja: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, la pili mwaka 2004, na la tatu mwaka 2013. Kati ya toleo la kwanza na la pili ilipita miaka 23. Katika miaka hiyo ukimwi ulipata jina, vyama vingi vikarudi, na simu za mkononi na barua pepe zikafika. Mwanafunzi wa mwaka 2002 aliyetaka kujua namna ya kuandika neno "ukimwi" alifungua kitabu kilichochapishwa kabla ya neno lenyewe kubuniwa.

Pamoja na upungufu huo, kitabu kile kiliaminiwa, na imani hiyo ilikuwa na msingi. Kilionyesha ngeli ya kila nomino kwa viambishi vya upatanisho, kikaeleza iwapo kitenzi ni elekezi au si elekezi, na kikaorodhesha minyambuliko yake. Kwa mwanafunzi wa karatasi ya pili ya KCSE, ile ya lugha, hayo matatu yalikuwa mtaji. Hakuwa akitafuta maana ya "kiti". Alikuwa akitafuta uthibitisho kwamba neno fulani ni la ngeli ya LI-YA wala si la I-ZI.

Lakini kabla ya kunufaika ilimbidi ajue kutafuta, na hili ndilo jambo linalosahauliwa katika kila mjadala wa kamusi za Kiswahili. Atakayefungua herufi N kutafuta "ndimi" anapaswa kujua kwamba umoja wake ni "ulimi". "Meno" yako kwenye "jino", na "macho" kwenye "jicho". Aliyekutana na neno "waliandikiwa" katika habari anapaswa kuvua viambishi vya mbele, kisha vya nyuma, hadi afike kwenye "andika". Msomaji mwenye ujuzi huyafanya haya bila kufikiri. Mtoto wa mtaani Eastleigh au Kawangware anayezungumza Sheng nyumbani na Kiingereza darasani hukata tamaa mara ya tatu, akaifunga kamusi, na isifunguliwe tena hadi mwezi wa mtihani.

Ndiyo sababu kamusi zilizofuata zilishindana kwa mambo yanayoonekana. Soko lilipokea Kamusi ya Karne ya 21 mwaka 2011, Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA iliyobeba chapa ya mwaka 2015, na Kamusi Pevu ya Kiswahili ya Profesa Kyallo Wadi Wamitila mwaka 2016. Zanzibar nayo, kupitia BAKIZA, ilikuwa imetoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na herufi moja katika jina lile, "la" badala ya "ya", ilitosha kuzua mabishano miongoni mwa walimu wa bara.

Mabishano hayo si mchezo wa wasomi. Mkenya husema "runinga", Mtanzania huandika "luninga" au "televisheni". Kinachoitwa "tarakilishi" katika magazeti ya Nairobi huitwa "kompyuta" Dar es Salaam, na wapo waliopendekeza "ngamizi". Simu ya mkononi ni "rununu" katika insha ya mtahiniwa wa Kenya, ingawa nje ya darasa ni vigumu kumpata mtu anayeitamka. Bidhaa ambayo wasichana wa Kenya wamefundishwa kuiita "sodo" huitwa "taulo ya kike" ng'ambo ya mpaka. Nalo neno "ugatuzi", ambalo halikosekani katika habari za Kenya tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, halina uzito wowote kwa msomaji wa Mwanza ambaye hana kaunti wala gavana wa kaunti.

Mwanafunzi anayetumia kamusi iliyotungwa Dar es Salaam huku akisahihishwa na mwalimu aliyezoea istilahi za Nairobi anaweza kukosa alama kwa neno lililo sahihi. Hofu hiyo ndiyo iliyowafanya walimu wengi kuwataka wanafunzi wote wa darasa wanunue kamusi moja. Walichokitafuta ni usalama, na utajiri wa maneno ukawa jambo la baadaye.

Tanzania iliunda BAKITA kwa sheria ya mwaka 1967 na kukipa chombo hicho mamlaka ya kuamua istilahi. Kenya ilienda miongo mingi bila chombo cha namna hiyo, na pengo lake likajazwa na wachapishaji, watangazaji na magazeti. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar ilitarajiwa kuyaleta pamoja mataifa haya, lakini kwa mzazi aliyesimama dukani matunda yake bado hayajafika kwenye rafu.

Hadithi fupi ndiyo yenye mengi ya kupoteza.

Mtahiniwa wa KCSE hufanya karatasi tatu za Kiswahili: insha, lugha, na fasihi. Katika karatasi ya tatu diwani ya hadithi fupi hutahiniwa pamoja na riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Kwa njia hiyo vizazi vya Wakenya vimesoma Mayai Waziri wa Maradhi, kisha Damu Nyeusi iliyohaririwa na marehemu Ken Walibora na Said A. Mohamed, kisha Tumbo Lisiloshiba iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, na sasa Mapambazuko ya Machweo.

Mwaka 2024 watahiniwa wa KCSE walizidi 960,000. Hakuna mwandishi wa hadithi fupi wa Kiswahili, awe wa Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, awezaye kuota hadhira ya namna hiyo nje ya orodha ya shule. Mwenye diwani isiyoteuliwa hushukuru akiuza nakala elfu chache, tena kwa miaka kadhaa.

Je, watahiniwa hao huisoma? Kila mwenye duka la vitabu anajua jibu. Kando ya diwani hupangwa miongozo, wakati mwingine ya waandishi watano tofauti kwa diwani moja. Mwongozo humpa mwanafunzi muhtasari wa kila hadithi, dhamira, maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha, pamoja na maswali na majibu yake. Swali la dondoo, linalotaka kauli fupi iwekwe katika muktadha wake, laweza kujibiwa na mtu aliyeisoma orodha ya nukuu pasipo kuifungua hadithi. Wapo wanafunzi waliopata alama nzuri kwa kitabu wasichokijua rangi ya jalada lake.

Lawama hii isiwaangukie watoto peke yao. Mwalimu mwenye madarasa matano na wanafunzi 60 katika kila darasa hana saa za kusoma hadithi 12 kwa sauti na kuzijadili. Mwongozo umemsaidia kuimaliza silabasi kwa wakati. Isitoshe, baadhi ya walioandika miongozo hiyo ni walimu mahiri, na mtoto wa shule ya kutwa ya kaunti ndogo asiye na mwalimu wa fasihi amesaidika nayo kweli kweli.

Pale hadithi inaposomwa, hata hivyo, hupendwa, na sababu zake si za kimtihani. Ya kwanza ni urefu: inaisha. Mtu aliyeingia kwenye matatu pale Githurai anaweza kuianza na kuimaliza kabla ya kufika katikati ya jiji, hasa siku ya msongamano. Riwaya haimpi raha hiyo.

Ya pili ni kwamba hadithi zilizochaguliwa zinazungumzia mambo yanayowafika wasomaji. Hadithi ya Said A. Mohamed iliyoipa diwani ya Tumbo Lisiloshiba jina lake inawahusu wakazi wa mtaa wa mabanda ambao ardhi yao inamezewa mate na wakubwa. Diwani hiyo ilikuwa ingali mikononi mwa watahiniwa mwishoni mwa mwaka 2021, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi walipobomolewa nyumba zao. Mwanafunzi kutoka mtaa ule hakuhitaji mwongozo kumweleza maudhui.

Tanzania inatoa ushahidi wa aina nyingine. Huko, katika miaka ya 1990 na 2000, hadithi zilisomwa na watu ambao hakuna aliyewatahini. Magazeti pendwa ya Dar es Salaam, yakiwamo yale ya kampuni ya Eric Shigongo, yalichapisha hadithi za mfululizo zilizokatishwa mahali pa mashaka, na msomaji akarudi wiki iliyofuata na sarafu zake. Wahakiki wa chuo kikuu walizibeza kwa mapenzi, uchawi na damu zilizojaa ndani yake. Makondakta, wasusi, na vijana wa Kariakoo walizinunua hivyo hivyo, na leo simulizi za namna hiyo husambazwa kwa simu, kipande kwa kipande, vingine kwa malipo.

Wasomaji hao walithamini nini? Tukio linaloanza mapema, watu wenye majina na mitaa inayofahamika, na lugha isiyohitaji kamusi. Hayo ni mambo ambayo waandishi wa diwani za shule wameyapuuza mara nyingi, kwa kuwa mhariri anayeandalia mtihani hutaka sentensi zenye tashbihi na methali za kutosha kutungiwa maswali. Baadhi ya hadithi za shule zimelemewa na mapambo hayo hadi msomaji anajiuliza iwapo mhusika anazungumza au anafanya karatasi ya pili.

Sasa mtaala mpya umekuja na mgawanyo ambao wapenzi wa fasihi hawajaujadili vya kutosha. Katika shule ya upili ya juu Kiswahili kinabaki kuwa somo la lazima, na wanafunzi wenye ulemavu wa kusikia huweza kuchukua Lugha ya Ishara ya Kenya. Fasihi ya Kiswahili, hata hivyo, imewekwa kuwa somo la kujitegemea la kuchaguliwa, ndani ya mkondo wa sayansi za jamii. Serikali imekuwa ikieleza kwamba inatarajia asilimia 60 ya wanafunzi wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia na hisabati, asilimia 25 sayansi za jamii, na asilimia 15 sanaa na michezo.

Hesabu yake si ngumu. Hata kama kila mwanafunzi wa sayansi za jamii angeichagua Fasihi ya Kiswahili, jambo ambalo halitatokea kwa kuwa mkondo huo una masomo mengine mengi, soko la diwani lingebaki na robo ya wasomaji wake wa leo. Somo la lazima huenda likabakiza kiasi fulani cha fasihi, lakini kifungu cha kusoma darasani si sawa na diwani nzima inayonunuliwa.

Wapo wanaoliona hili kuwa ukombozi. Wanasema atakayeichagua fasihi ataisoma kwa hiari, mwongozo utakosa wateja, na waandishi watapata uhuru wa kuandika bila kumfikiria mtahini. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau nani alilipa gharama. Mchapishaji wa Nairobi aliyethubutu kuchapisha diwani ya mashairi ya kijana asiyejulikana alifanya hivyo kwa faida ya vitabu vya shule. Tangu sheria ya kodi ya mwaka 2013 ilipoviweka vitabu kwenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, nafasi ya kubahatisha ilizidi kuwa finyu.

Tuzo zimejitokeza kuziba sehemu ya pengo. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo sasa hujulikana kwa jina la Safal-Cornell, imekuwa ikiwazawadia waandishi wa Kiswahili tangu mwaka 2015, na Tanzania ilianza kutoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu mwaka 2023. Tuzo humpa mwandishi heshima na fedha. Msomaji wa tatu hadi wa laki tisa hatoki huko.

Kamusi itaumia polepole zaidi, kwa kuwa Kiswahili cha lazima kitaendelea kuhitaji ngeli na minyambuliko, na watangazaji, wafasiri na mahakimu wanaihitaji pia. Lakini ikiwa maswali ya msamiati wa kukariri yatapungua, mnunuzi ataanza kuuliza maswali mapya: je, kamusi hii ina mifano ya sentensi kwa kila neno? Je, inaniambia neno hili latumika Kenya au Tanzania? Je, nikitafuta "nyimbo" itanielekeza kwenye "wimbo"? Mchapishaji atakayeyajibu mapema hana sababu ya kuiogopa simu, ambayo nayo itafika kwenye madawati siku moja.

Kwa sasa biashara inaendelea kama kawaida. Mapambazuko ya Machweo ingali inauzwa pamoja na miongozo yake, na kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa kando ya barabara zinapatikana nakala za Kamusi ya Kiswahili Sanifu zenye majina ya wenyewe watatu au wanne yaliyokatwa kwa kalamu. Orodha ya Januari 2028, kwa mujibu wa ratiba iliyopo, itakuwa ya kwanza tangu mwaka 1989 isiyo na mtahiniwa wa KCSE nyuma yake.